Sura ya Saba: Mkono wa Tatu

Gereji ninayotengenezea gari iko chini ya mwembe, nyuma ya duka la vipuri. Haina geti wala kibao, lakini kila dereva wa mtaa ule anaijua. Asubuhi moja nilipeleka Toyota IST yangu pale kwa sababu taa za breki zilikuwa zimegoma kuwaka. Fundi hakushtuka. "Hiyo fyuzi tu, mzee," alisema, kisha akamwita kijana wake: "Dogo, lete tochi, na kile kitabu cha gari."

Kitabu kilikuwa kwenye dashibodi, kipya kabisa, maana tangu gari lishuke bandarini hakuna aliyewahi kukifungua. Kimeandikwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Sisi tunaonunua magari yaliyotumika kutoka Japani tumeshazoea. Gari linakusalimia kwa Kijapani kila ukiliwasha, nawe unajifanya hukusikia. Kijana akatoa simu, akafungua programu ya kutafsiri, akaielekeza kamera kwenye ukurasa wenye jedwali la fyuzi. Maneno ya Kiswahili yakajitokeza juu ya yale ya Kijapani, yakitetemeka. Mara "taa ya kusimama", mara "taa ya kituo", kutegemea na jinsi mkono wake ulivyotulia.

Sasa hesabu mikono. Mmoja wa kijana umeshika kitabu, wa pili umeshika simu. Fundi naye kaingia chini ya usukani, miguu iko nje; mkono mmoja unapapasa boksi la fyuzi, mwingine una koleo dogo. Tochi ikaishia mdomoni mwake, ikawa kila akitaka kuuliza kitu lazima kwanza aiteme. Ghafla simu ikazima kioo ili kutunza chaji. Kijana, vidole vimejaa grisi, akaiamsha kwa ncha ya pua.

"Mungu angetuongezea mkono wa tatu, mzee," fundi alisema alipotoka akijipangusa, "kazi hii ingekuwa mchezo."

Nimesoma mengi kuhusu miwani ya uhalisia ulioongezwa, na matangazo yake nimeyatazama kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Hakuna aliyenieleza kazi ya kifaa hicho vizuri kuliko fundi yule, ambaye hajawahi hata kukiona.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Iko miwani inayokufunika macho kabisa na kukupeleka kwenye dunia nyingine ya kuchorwa; huo ni uhalisia pepe, nao hautuhusu hapa. Uhalisia ulioongezwa unakuacha pale pale ulipo, na gari lako bovu mbele yako, ila unaandika juu yake. Mwaka 1997 mtafiti Ronald Azuma aliweka masharti matatu ambayo wengi wanayatumia hadi leo: kitu halisi na kitu cha kompyuta vionekane pamoja, viitikie papo hapo, na kile cha kompyuta kikae mahali pake katika nafasi, yaani ukigeuza kichwa kibaki kimeganda kwenye fyuzi ile ile badala ya kukufuata. Sharti la tatu ndilo gumu. Ili mshale usitoke kwenye fyuzi, kifaa lazima kijue kila wakati kichwa chako kiko wapi na kinatazama upande gani. Kinafanya hivyo kwa kamera na vihisi vya mwendo, na kikichelewa hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, jicho linagundua na tumbo linaanza kulalamika.

Wa kwanza kujaribu jambo hili kwa dhati alikuwa Ivan Sutherland, mwaka 1968, huko Harvard. Kifaa chake kilikuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa kwenye dari, na aliyekivaa aliona umbo la mistari tu, kama boksi lililoundwa kwa njiti za kiberiti, likielea mbele yake. Wenyewe waliuita mtambo wa juu kichwani Upanga wa Damocles, ule wa hadithi ya kale ulioning'inia juu ya kichwa cha mtu, kwa sababu zilizo wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa chini ya kitu kizito kilichofungwa kwa binadamu mwenzake.

Lakini jina la uhalisia ulioongezwa lenyewe halikuzaliwa chuoni. Lilizaliwa kiwandani, na hapa ndipo ninapomtaka msomaji akae kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tom Caudell na David Mizell walikuwa wakifanya kazi katika kampuni ya kutengeneza ndege ya Boeing. Tatizo lao lilikuwa nyaya. Nyaya za ndege hazivutwi moja moja ndani ya bodi kama tunavyovuta umeme wa nyumba. Zinapangwa kwanza mafungu mafungu juu ya mbao kubwa zilizochorwa njia, waya huu upite hapa, ule ukunje pale, kisha fungu zima linakwenda kufungwa kwenye ndege. Kila aina ya fungu ilihitaji ubao wake na michoro yake, na mabadiliko kidogo ya ndege yalimaanisha kubadilisha ubao. Mfanyakazi alikuwa na waya mkononi, jicho kwenye karatasi, kisha jicho kwenye ubao, kisha tena kwenye karatasi kwa sababu alishasahau namba. Caudell na Mizell wakapendekeza avalishwe kioo cha kuona kupita, na njia ya waya ichorwe machoni mwake, juu ya ubao mtupu. Ubao mmoja ungetosha kwa mafungu yote. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 1992, na humo ndimo jina tunalolitumia leo lilipoanza kuenea.

Kwa hiyo kabla ya michezo na kabla ya ofisi za kuelea hewani, alikuwepo fundi mwenye waya mikononi na karatasi asiyoweza kuishika.

Kilichofuata ni hadithi ya kampuni kubwa kumkimbia fundi huyo. Google ilitangaza miwani yake ya Glass mwaka 2012, ikaiuza kwa wachache kwa dola 1,500, na Januari 2015 ikasimamisha uuzaji huo baada ya watu kuchoka kurekodiwa bila kujua katika migahawa na baa. Microsoft ilileta HoloLens mwaka 2016 kwa dola 3,000 kwa watengeneza programu, ya pili ikafuata mwaka 2019 kwa 3,500, na mwaka 2024 uzalishaji ukasitishwa. Apple Vision Pro iliingia sokoni Marekani Februari 2024 kwa dola 3,499. Kwa fedha hizo hapa kwetu unanunua bodaboda mbili mpya na chenji inabaki. Mnunuzi aliyeonyeshwa kwenye matangazo ameketi sebuleni, mikono imelala mapajani, anatazama filamu. Mtu ambaye mikono yake haina kazi anahitaji mkono wa tatu wa nini? Televisheni anayo tayari.

Wakati huo huo, kimya kimya, kifaa kilikuwa kikifanya vizuri kule kule kilikozaliwa. Mwaka 2014 kampuni ya DHL ilijaribu miwani ya aina hiyo katika ghala moja mjini Bergen op Zoom, Uholanzi. Wafanyakazi waliokuwa wakizunguka na karatasi kutafuta bidhaa kwenye rafu walivaa miwani inayowaonyesha njia, rafu na idadi. Kampuni iliripoti kwamba kazi ilikwenda haraka zaidi kwa asilimia 25. Google nayo, baada ya kushindwa mitaani, iliirudisha Glass mwaka 2017 kwa ajili ya viwanda, ikadumu huko hadi mwaka 2023. Nikizitazama tarehe hizi naona kipimo rahisi sana, na nimekitumia kukagua kila wazo lililonijia wakati wa kuandika sura hii: mikono ya mtu huyu ina nini, na macho yake yanalazimika kwenda wapi?

Chukua fundi cherehani. Kitenge cha yadi sita kimetandazwa mezani, mteja amechagua mshono kwenye picha ya simu, na maua ya kitambaa lazima yakutane kwenye mishono, la sivyo mgongo wa gauni utaonekana kama ukuta uliopakwa rangi na watu wawili waliogombana. Fundi anapima, anachora kwa chaki, anafuta, anachora tena. Mkasi ukishapita hakuna kurudi. Miwani ingeweza kuulaza mchoro wa gauni juu ya kitenge, fundi akausogeza huku na huku hadi maua yakae, ndipo akate. Nilipolifikia wazo hili nilijiona mvumbuzi. Kumbe washonaji wa nyumbani Ulaya na Marekani wamelipata zamani bila miwani yoyote: wanafunga projekta darini, inamulika ruwaza juu ya kitambaa, wanakata kwa kufuata mistari ya mwanga. Projekta ya namna ile tunayotazamia mpira kwenye vibanda! Ukishaipima ikakaa sawa, meza nzima inakuwa karatasi ya michoro. Kati ya yote yaliyomo katika sura hii, hilo ndilo ningemshauri mwenye karakana ya ushonaji alijaribu mwaka huu.

Hospitalini nako hali ni hiyo hiyo. Kipo kifaa cha kushika mkononi, AccuVein, kinachomulika ngozi kwa mwanga wa infraredi. Damu iliyo kwenye mishipa inaunyonya mwanga huo kuliko nyama inayoizunguka; kifaa kinasoma tofauti hiyo na papo hapo kinauchora mtandao wa mishipa juu ya mkono wa mgonjwa. Mzazi yeyote aliyewahi kumshika mtoto anayechomwa sindano mara tatu nne kwa sababu mshipa haupatikani atanielewa. Huu nao ni uhalisia ulioongezwa, na hakuna anayevaa chochote.

Basi tuyafikie yale ambayo projekta haiwezi, kwa sababu yanatembea na mtu.

Bibi yangu alipoteza usikivu taratibu, kama redio inayoishiwa betri. Gazeti alilisoma hadi siku zake za mwisho kwa miwani nzito yenye mkono uliofungwa uzi. Kwenye vikao vya ukoo alikaa mahali pake, katikati ya mkeka, akitabasamu kwa kila msemaji. "Bibi, umesikia?" tulimuuliza. "Nimesikia, mjukuu wangu," alijibu, na sote tulijua hakusikia, na tukaendelea kugawa shamba.

Mwaka 2018 ukumbi wa National Theatre wa London ulianza kuwapa watazamaji wenye uziwi miwani inayoonyesha maneno ya waigizaji yakipita mbele ya macho yao, kila mmoja kwenye kiti chochote alichopenda. Pale maneno yalikuwa yameandikwa tayari kwenye mchezo, kazi ya mitambo ilikuwa kuyatoa kwa wakati wake. Kikao cha ukoo hakina maandishi ya tayari. Kinahitaji kompyuta isikie na kuandika, na hilo kwa Kiingereza linafanyika sasa vizuri vya kutosha. Kwa Kiswahili bado kuna kazi, na kazi yenyewe ni sauti zetu. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za watu wa kawaida wakisoma sentensi za Kiswahili ili mitambo ijifunze. Ila sentensi iliyosomwa kwa utulivu mbele ya simu si shangazi wa Pemba anayemkatiza mjomba aliyekulia Mombasa, huku kila mmoja akichomekea Kiarabu au Kiingereza chake. Mtambo uliofunzwa kwa taarifa ya habari ungemwandikia bibi nusu ya kikao, na nusu nyingine ingekuwa vichekesho. Hata hivyo nusu ya kikao ni nyingi kwa mtu aliyekuwa akipata tabasamu tupu. Katika matumizi yote ambayo kwetu bado hayajaguswa, hili naliweka juu, kwa sababu halihitaji hata lile sharti la tatu la Azuma. Maandishi si lazima yagande mahali. Yakae tu pembeni ya jicho. Mwaka 2025 Meta ilianza kuuza Marekani miwani ya namna hiyo kwa dola 799, yenye kioo kidogo katika jicho la kulia na uzito wa gramu 69. Bei bado ni ya wenye nazo. Uzito, angalau, ni wa kuvalika.

Jambo lingine linalotembea na mtu ni kibla, nacho kimeshaingia kwenye simu: unaielekeza kamera, mshale unaonekana sakafuni. Dar es Salaam na Makka zinakaribiana sana kwa longitudo, hivyo mtu wa Dar anatazama kaskazini, na mtoto mdogo anaweza kumwonyesha mgeni. Wanaobishana ni ndugu zetu waliohamia Toronto, wanaotakiwa kugeukia kaskazini-mashariki wakati ramani ya ukutani inawashawishi kwenda kusini-mashariki. Dira ya simu nayo huchanganyikiwa na nondo za ghorofa, kwa hiyo mshale mzuri si lazima uwe mshale wa kweli.

Hilo linanipeleka kwenye mabomba. Kila mwenye nyumba ana siku yake ya drili: unatoboa ukuta kutundika kabati, maji yanakurukia usoni. Barabarani ni vivyo hivyo, katapila la mkandarasi mmoja linakata bomba la mtaa au mkongo wa intaneti. Zipo tayari programu zinazomwonyesha mhandisi mabomba na nyaya zilizofukiwa, kana kwamba lami imegeuka kioo. Watu wakiziona wanadhani kifaa kinaona chini ya ardhi. Hakioni. Kinachukua ramani iliyohifadhiwa na kuilaza juu ya barabara. Ramani ikikosea mita moja, kifaa kitakuonyesha kosa hilo kwa rangi nzuri na kwa uhakika wote. Na sisi wengi wetu hatuna ramani kabisa. Aliyejua bomba lilipita wapi ni fundi aliyelilaza, na siku hizi hapokei simu. Kwa anayejenga sasa, dawa ni rahisi na haigharimu kitu: kabla ya plasta, piga picha kila ukuta, futi ikiwa imewekwa ili vipimo vionekane, na uzitunze mahali ambapo simu ikiibiwa hazitapotea. Miwani ikija bei poa, itakuwa na cha kuonyesha. Isipokuja, utajua pa kutundika kabati.

Vikwazo vingine ni vya fizikia, na hakuna tangazo litakalokuambia. Kioo cha kawaida cha kuona kupita kinaweza kuongeza mwanga tu, hakiwezi kuuzuia. Hivyo hakiwezi kuchora cheusi. Cheusi kwake ni uwazi. Sasa fikiria fundi wetu ametoka chini ya mwembe saa saba mchana, jua la Januari linapiga bati na lami. Mwanga wa kioo kidogo utashindana vipi na hilo? Kwenye vifaa vingi maandishi yatafifia hadi yapotee. Vifaa vya aina ya pili, vinavyofunika macho na kukuonyesha dunia kupitia kamera, vinaweza kuchora cheusi, lakini vina uzito: Meta Quest 3 ina gramu 515. Jaribu kufunga paketi ya nusu kilo ya sukari usoni, kisha uiname kwenye injini yenye moto. Jasho peke yake litakushinda kabla ya betri.

Na kipo kikwazo ambacho si cha fizikia. Pwani yetu, katika shughuli za akina mama za harusi, buibui huvuliwa mlangoni, na katika nyingi simu nazo hukusanywa hapo hapo, asipige mtu picha. Ni utaratibu unaofanya kazi kwa sababu simu inaonekana. Miwani yenye kamera inafanana na miwani ya kusomea. Taa ndogo inayowaka wakati wa kurekodi haimsaidii somo wa bibi harusi aliye upande wa pili wa ukumbi, tena anayecheza. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria huja baada ya picha kusambaa. Mimi naona miwani ya kazini haina haja ya kutoka kazini. Ikae gerejini kama inavyokaa jeki, itundikwe msumarini jioni. Na ile ya mzee asiyesikia haihitaji kamera hata moja. Kipaza sauti kinamtosha.

Linabaki swali la nani ataandika yale yatakayoonekana. Miwani tupu ni kioo. Kitabu cha IST kilichotafsiriwa vizuri bado ni kitabu cha gari jipya la Japani, lenye kila kitu mahali pake. Gari langu limeshapita mikono sita. Kuna waya umeungwa kwa mkasi na mkanda mweusi, na kuna fyuzi imewekwa kipande cha waya badala yake na mtu ambaye Mungu anamjua. Anayezijua siri hizo za magari yetu ni fundi wa chini ya mwembe, na hajawahi kuziandika popote kwa sababu hana mkono uliobaki wa kuandikia. Angevaa kifaa chenye kamera akifanya kazi huku akisema anachofanya, kwa Kiswahili chake cha gereji, kijana wake angebaki na kitabu ambacho Toyota haiwezi kukichapisha. Fundi alipwe kwa hilo, na jina lake likae juu ya kitabu.

Ninajua sura hii itasomwa na vijana wanaotengeneza programu, maana wananiandikia wakiuliza wabuni nini. Nawaomba kabla ya kufungua kompyuta waende gereji, au kwa fundi cherehani, au wodini wakiruhusiwa, wakae siku nzima na daftari. Kila mtu anapoweka chini alichokishika ili aangalie kitu, piga mstari mmoja. Kila anapokishika kwa meno, piga miwili. Mimi nilifanya hivyo mchana mmoja pale chini ya mwembe, nikajaza ukurasa kabla ya chai ya saa kumi.